Sura ya Sita: Chokoleti ya Kupaka Mkate Huanzia Kwenye Ungo

"Ile chokoleti ya kupaka mkate, siwezi kuitengeneza mwenyewe nyumbani? Na nikiitengeneza, itakuwa na afya kuliko ya dukani?"

Maswali haya mawili nimeulizwa kwenye mikutano ya chama, kwenye foleni ya benki, na ndani ya matatu iliyokwama Kondele, hapa Kisumu, jua likiwaka. Anayeuliza mara nyingi ni mzazi. Mtoto aliionja kwa jirani au kwenye sherehe ya kuzaliwa, na tangu siku hiyo mkate wenye siagi ya kawaida hautazami tena. Mzazi akienda dukani, bei ya kopo dogo inamshtua. Akijikaza akanunua, siku mbili baadaye anakuta kopo limekombwa kwa kijiko na mkate haujaguswa.

Jibu la swali la kwanza ni ndiyo. Unahitaji njugu, kakao, sukari kidogo na jioni moja. Swali la pili ndilo limenifanya nilitengee sura nzima, kwa sababu jibu lake lina pande mbili. Chokoleti ya nyumbani inaweza kuwa na afya kuliko ya dukani, na inaweza pia kuwa na madhara kuliko ya dukani. Kinachoamua si asali, si mashine, wala si kakao ya bei ghali. Kinachoamua ni ungo: zile dakika ishirini ambazo njugu huchaguliwa moja moja kabla hazijasagwa.

## Kopo la dukani lina nini?

Tuanze kwa kuligeuza kopo na kusoma upande wa nyuma. Viambato huandikwa kwa kufuata uzito: kilicho kingi zaidi hutangulia, kilicho kidogo huja mwisho. Kanuni hiyo moja itakufaa kwenye kila pakiti unayonunua, iwe ya biskuti, juisi au sosi ya nyanya.

Chukua Nutella, ambayo ndiyo maarufu kuliko zote. Lebo yake ya Ulaya inaanza na sukari. Kinachofuata ni mafuta ya mawese. Ndipo zinakuja hezelinati, yaani njugu za mviringo zinazoota kwenye mti wa nchi za baridi, kwa kiasi cha asilimia 13. Kisha maziwa ya unga, na kakao asilimia 7.4. Kwa hiyo chakula ambacho wengi wetu tunakiita chokoleti ya njugu, kwa uzito, ni sukari na mafuta kwanza, halafu njugu na chokoleti.

Kila gramu 100 zina gramu 56 hivi za sukari. Kijiko kimoja cha mezani, chenye uzito wa gramu 15, kina gramu 8 za sukari, sawa na vijiko viwili vya chai. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati tunayokula kwa siku, na linasema ni bora zaidi ikishuka chini ya asilimia 5. Kwa mtu mzima, hiyo asilimia 5 ni gramu 25 hivi, yaani vijiko sita vya chai. Mtoto anahitaji chini ya hapo.

Sasa hesabu kifungua kinywa cha mtoto anayejiandaa kwenda shule. Vipande viwili vya mkate, kila kimoja na kijiko cha chokoleti: hivyo ni vijiko vinne vya sukari. Kikombe cha chai ya maziwa chenye vijiko viwili: jumla sita. Hajatoka mlangoni, na kiasi kinachomtosha mtu mzima kwa siku nzima amekwisha kukila.

Na mawese yanafanya nini humo? Kazi yake ni kuganda. Mafuta ya njugu ni majimaji, na ukiyaacha hupanda juu ya kopo. Mawese huganda kiasi kwenye joto la kawaida, hivyo huushika mchanganyiko usitengane. Lakini mafuta yanayoganda ndiyo yale ambayo wataalamu wa lishe wanatushauri tuyapunguze, kwa kuwa yakizidi hupandisha lehemu mbaya kwenye damu, ile inayoziba mishipa.

Mawese si mageni kwenye ziwa letu. Ukivuka maji hadi upande wa Uganda, kwenye kisiwa cha Bugala wilayani Kalangala, utakuta mashamba makubwa ya michikichi yaliyoanzishwa miaka ya 2000, na sehemu ya msitu wa kisiwa hicho ilikatwa ili kuyapisha. Mafuta ya aina hii yamo kwenye sabuni, biskuti na mafuta ya kupikia tunayoyatumia kila siku.

Kwa ufupi: chokoleti ya dukani ina sukari zaidi ya nusu ya uzito wake, na mafuta yanayoganda yamewekwa ili isitengane. Nyumbani tunaweza kupunguza sukari na kuacha kabisa kutia mawese.

## Njugu ya vilima vyao, njugu ya mashamba yetu

Watu wengine husita hapa. "Lakini hezelinati nitazipata wapi Kisumu?" Kabla sijajibu, niwasimulie hezelinati ziliingiaje kwenye chokoleti.

Mwanzoni mwa karne ya 19, Napoleon alizuia biashara kati ya Ulaya na Uingereza, na kakao ikaadimika. Inasimuliwa kwamba watengenezaji wa peremende wa mji wa Turin, kaskazini mwa Italia, walianza kuchanganya kakao kidogo waliyokuwa nayo na hezelinati zilizosagwa, kwa kuwa hezelinati zilikuwa tele kwenye vilima vya karibu. Zaidi ya miaka mia moja baadaye, baada ya Vita Kuu ya Pili, kakao ikaadimika tena. Mwaka 1946, mwoka keki mmoja wa mji wa Alba, Pietro Ferrero, alitengeneza mchanganyiko wa aina hiyo ukiwa umeganda, wa kukatwa kwa kisu. Mwaka 1951 ukawa laini wa kupakwa, na mwaka 1964 ukapewa jina la Nutella.

Tazama walichokifanya. Kakao ilikuwa ghali na ilitoka mbali, wakaiongeza wingi kwa njugu iliyoota karibu nao. Leo zaidi ya nusu ya hezelinati za dunia hutoka Uturuki, hasa kwenye pwani ya Bahari Nyeusi, na mtu wa Kisumu akizitafuta atakuwa ananunua safari ndefu. Akitaka kufanya kama watu wa Alba, na atazame kilichoota karibu naye.

Kilichoota karibu nasi ni njugu karanga. Zao hili asili yake ni Amerika Kusini, lakini limekaa kwenye mashamba ya Nyanza muda mrefu kiasi kwamba wazee wetu hawakumbuki maisha bila hilo. Reli ilipofika Kisumu mwaka 1901, njugu na simsim zilikuwa miongoni mwa mazao ya mwanzo ya Nyanza kupakiwa kwenye mabehewa kwenda pwani. Leo njugu hulimwa Ndhiwa, Rachuonyo, Rongo na Uriri, na ipo hata mbegu ya kienyeji inayojulikana kwa jina la Homa Bay. Bibi zetu walizikaanga na kuzisaga kwenye pong', jiwe la kusagia, wakatia rojo lake kwenye mboga za kienyeji ili kuzipunguzia uchungu.

Unayetaka ladha iliyo karibu zaidi na hezelinati, ondoa theluthi moja ya njugu na uweke makadamia. Kenya ni miongoni mwa wazalishaji wakubwa wa makadamia duniani, na zinalimwa Murang'a, Embu na Meru. Korosho za Kilifi na Kwale pia zinafaa. Lakini anza na njugu tupu, kwa sababu ukizimudu hizo, nyingine zote zitakuwa rahisi.

Na kakao? Kenya hatuna mashamba yake ya maana, ila majirani wanayo: Bundibugyo kule Uganda, na Kyela kusini mwa Tanzania. Kakao ya unga inauzwa kwenye maduka makubwa, na hapa pana mtego mmoja. Kwenye rafu hiyohiyo kuna chokoleti ya kunywa, ule unga mtamu unaokorogwa kwenye maziwa moto. Pakiti zinafanana, lakini chokoleti ya kunywa imechanganywa na sukari nyingi. Tumia kanuni yetu: soma viambato. Kakao halisi ina kiambato kimoja tu, kakao, na ukiionja kwa ncha ya ulimi ni chungu.

## Sumu isiyoonekana

Sasa tunafika kwenye moyo wa sura hii.

Mwaka 1960, zaidi ya bata mzinga 100,000 walikufa Uingereza kwa ugonjwa usiojulikana. Watafiti walipofuatilia chakula walichokula, waliishia kwenye mashudu ya njugu yaliyotoka Brazili. Yalikuwa na ukungu, na ukungu ule ulikuwa umetoa sumu. Sumu hiyo ikapewa jina la aflatoksini. Ndugu zetu wa Tanzania wameipatia jina zuri linaloeleweka: sumukuvu, yaani sumu itokanayo na kuvu.

Sisi Wakenya tumeijua kwa machungu. Mwaka 2004, katika sehemu za Makueni, Kitui na maeneo ya jirani, watu 317 waliugua na 125 wakafariki baada ya kula mahindi yaliyoota ukungu huo. Kwa wingi namna hiyo, sumukuvu huua ini kwa siku chache. Kwa kiasi kidogo kidogo kinacholiwa miaka mingi, huongeza hatari ya saratani ya ini, hasa kwa mtu mwenye virusi vya homa ya ini aina ya B. Njugu na mahindi ndiyo mazao yanayoshambuliwa zaidi. Januari 2020, Shirika la Viwango la Kenya, KEBS, lilisimamisha uuzaji wa chapa kadhaa za siagi ya karanga kwa sababu hiyo.

Mambo manne kuhusu sumu hii kila mpishi anapaswa kuyafahamu:

1. Haionekani. Ukungu unaweza kuonekana, sumu yenyewe haionekani wala hainuki.
2. Moto hauimalizi. Kukaanga hupunguza sehemu tu. Njugu mbaya ikikaangwa inabaki njugu mbaya.
3. Haikusambaa sawasawa. Kwenye gorogoro nzima, lile kopo la kupimia sokoni, sumu nyingi huwa imejikusanya kwenye punje chache: zilizosinyaa, zilizovunjika, zilizobadilika rangi, zilizotobolewa na wadudu.
4. Ikishasagwa, haiondoki. Punje mbaya zikiingia kwenye mashine pamoja na nzuri, zote zimekuwa kitu kimoja.

Jambo la tatu ndilo linalotupa tumaini, na la nne ndilo linalotutia hofu. Kwa vile sumu imejificha kwenye punje chache, mkono na jicho vinaweza kuiondoa kwa sehemu kubwa, bila maabara wala gharama. Lakini nafasi hiyo ipo kabla ya kusaga tu. Watu wa ziwa hatuhitaji kuelezwa zaidi: samaki mmoja akioza, mtungo wote umeoza.

Kwa chokoleti kuna hatari ya ziada. Ukitafuna njugu mbovu, ulimi hukuonya mara nyingi: ina uchungu, ina ladha ya uvundo, nawe unaitema. Kakao ni chungu kwa asili, na sukari hufunika kilichobaki. Ukizichanganya, umemnyamazisha mlinzi wako wa mwisho. Ndiyo maana nasema chokoleti ya njugu inadai uangalifu kuliko siagi ya karanga ya kawaida.

## Ungo mara tatu

Tukirudi nyuma kidogo, kazi huanza shambani. Njugu za mvua ndefu huvunwa mwezi wa Julai na Agosti hivi. Zikikaushwa juu ya udongo mtupu hunyonya unyevu wa ardhi, kwa hiyo zinahitaji mkeka au turubai. Zimekauka vizuri pale unapotikisa ganda na kusikia punje zikicheza ndani. Wako watu ambao hulowesha maganda ili yamenyeke kwa urahisi. Maji yale ndiyo chakula cha ukungu. Kwa hiyo ukinunua, muulize mama anayeuza maswali mawili: zilikaushiwa juu ya nini, na zilimenywa zikiwa kavu au zimeloweshwa?

Nunua punje nzima. Usinunue zilizokwisha kusagwa kama huyajui macho yaliyozichagua. Kisha zipitishe kwenye ungo mara tatu.

Mara ya kwanza, zikiwa mbichi. Mwaga kiganja kimoja kimoja kwenye ungo, mahali penye mwanga wa jua. Ondoa zilizosinyaa, zilizovunjika, zenye matundu, zenye madoa meusi, ya kijani au ya njano, na zilizoanza kuota. Usizionee huruma. Ukiwa na shaka na punje, itoe.

Mara ya pili, baada ya kukaanga. Punje mbovu mara nyingi huungua haraka au hubaki na rangi tofauti na nyingine.

Mara ya tatu, baada ya kutoa ngozi. Zisugue ndani ya kitambaa safi, peta, kisha zigawanye vipande viwili. Hapa utaona kilichokuwa kimefichwa na ngozi: doa la kahawia katikati, au utando wa ukungu kwenye moyo wa punje.

Zilizotolewa usiwape kuku wala ng'ombe. Kuku hudhurika, na kwa ng'ombe sumu hupita hadi kwenye maziwa, ikarudi kwenye kikombe cha mtoto yuleyule uliyemchagulia njugu. Zifukie.

Kwa ufupi: chagua zikiwa mbichi, chagua zimekaangwa, chagua zimemenywa. Dakika ishirini hizi ndizo zinazoifanya chokoleti yako istahili kuitwa ya afya.

## Jinsi ya kutengeneza

Vipimo hivi vinatoa gramu 390 hivi, kopo moja la kawaida.

- Njugu zilizokwisha kutolewa ganda na kuchaguliwa zikiwa mbichi: vikombe 2 (gramu 300)
- Kakao halisi ya unga: vijiko 5 vya mezani (gramu 25 hivi)
- Sukari: vijiko 4 vya mezani (gramu 50)
- Mafuta ya alizeti: kijiko 1 cha mezani
- Chumvi: robo kijiko cha chai
- Vanila ya unga kidogo, ukipenda

Kukaanga. Tumia karai kavu na moto mdogo. Koroga bila kuacha kwa dakika 15 hadi 20, mpaka ngozi ianze kupasuka na punje iwe na rangi ya dhahabu ndani. Moto mkali huunguza nje na kuacha ndani mbichi. Zikishapoa kiasi cha kushikika, zichague, zitoe ngozi, kisha uzichague tena kama nilivyoeleza.

Kusaga sukari. Saga sukari pekee kwanza, katika blenda iliyo kavu kabisa, hadi iwe unga laini kama poda. Ukiruka hatua hii, chokoleti itakwaruza meno kana kwamba ina mchanga.

Kusaga njugu. Zisage zikiwa bado vuguvugu, kwa kuwa joto hulegeza mafuta. Utaziona zikipita hatua nne: unga mkavu, kisha makombo, kisha donge zito linalozunguka blenda kama ugali, na mwisho rojo linalotiririka. Wengi hukata tamaa kwenye donge na kumimina maji. Usifanye hivyo. Karibu nusu ya uzito wa njugu ni mafuta, nayo yanatoka polepole. Saga dakika moja, pumzisha mashine dakika mbili isiungue, endelea tena. Donge litalainika lenyewe.

Kuchanganya. Rojo likishatiririka, tia kakao, unga wa sukari, chumvi, vanila na mafuta, kisha saga dakika mbili zaidi. Onja. Mimina kwenye kopo la glasi lililooshwa na kukauka kabisa.

Kama huna blenda, sokoni zipo mashine ndogo za kusagia njugu. Peleka zako mwenyewe, umezikaanga na kuzichagua nyumbani. Mwombe mwenye mashine apitishe kwanza kiganja kimoja cha njugu zako na kukitupa, ili masalia ya mteja aliyetangulia yatoke. Kakao na sukari utachanganya nyumbani kwa mwiko. Kinu na mchi navyo vinafaa, ila chokoleti itakuwa ya chengachenga.

## Makosa matatu yanayorudiwa

Kutia asali ndani ya rojo. Mara ya kwanza nilipojaribu, niliacha sukari nikamimina asali, nikiamini ndiyo njia ya afya. Rojo lililokuwa laini liligeuka papo hapo kuwa kitu kigumu kama udongo wa kufinyangia. Asali ina maji, na hata maji kidogo hufanya kakao na njugu vishikane vikagoma kutiririka. Hata tone lililobaki kwenye kijiko linaweza kuharibu. Ukipenda asali, ipake juu ya mkate wakati wa kula. Mtoto wa chini ya mwaka mmoja asipewe asali kabisa.

Kudhani sukari nguru au asali si sukari. Kisumu iko jirani na mashamba ya miwa ya Miwani, Chemelil na Muhoroni, na tunajua sukari nguru hutoka kwenye muwa uleule. Ladha yake ni nzuri, lakini mwili huihesabu kama sukari, na asali pia. Faida hupatikana kwa kupunguza kiasi. Kubadilisha jina hakusaidii.

Kuingiza maji ili iongezeke. Chokoleti hii hukaa bila friji kwa sababu haina maji, na vijidudu haviwezi kuzaliana pasipo maji. Ukitia maziwa, ndizi au tende zilizoloweshwa, umetengeneza chakula kitamu lakini cha kuliwa ndani ya siku chache, tena kikiwa ndani ya friji.

Kwa joto la Kisumu, tengeneza kiasi kitakachokwisha kwa wiki mbili au tatu. Weka kopo kabatini mbali na jiko, na tumia kijiko kikavu kila mara. Mafuta yakipanda juu, hilo si kosa: hakuna mawese ya kuyashika. Lipindue kopo usiku kucha, asubuhi ukoroge.

## Je, sasa ina afya kuliko ya dukani?

Tupige hesabu kwa gramu 100, Nutella kwanza na ya nyumbani ifuate:

- Sukari: gramu 56, dhidi ya 13 hivi za kuongezwa, pamoja na chache za asili zilizomo kwenye njugu
- Protini: gramu 6, dhidi ya 21 hivi
- Mafuta yanayoganda: gramu 11 hivi, dhidi ya 7 hivi
- Mafuta yote: gramu 31, dhidi ya 43 hivi
- Nishati: kalori 539, dhidi ya 550 hivi

Soma mistari miwili ya mwisho polepole. Chokoleti ya nyumbani haina kalori chache. Ina mafuta mengi zaidi, ingawa sehemu kubwa ni yale majimaji ya njugu yasiyodhuru moyo. Kwa hiyo haikusudiwi kukombwa kwa kijiko, nayo haimpunguzii mtu unene kwa kuwa tu imetengenezwa nyumbani. Faida yake iko kwingine: kijiko chake kimoja kina nusu kijiko cha chai cha sukari badala ya vijiko viwili, na protini zaidi ya mara tatu, kwa hiyo mtoto hushiba nayo na kufika mapumziko ya saa nne bila njaa kali.

Tahadhari mbili. Wapo watu ambao mwili wao hauvumilii njugu. Ukiona uvimbe wa midomo, vipele au kupumua kwa shida, wahi hospitali mara moja. Na mtoto mdogo apakiwe kwa wembamba sana, kwani donge zito la njugu linaweza kumkaba. Aliye chini ya miaka miwili msagie njugu bila sukari, haihitaji.

## Ipake juu ya nini?

Mkate mweupe si lazima. Nenda upande wa Kabondo, kule Rachuonyo, penye sifa ya viazi vitamu. Chukua vile vyenye rangi ya chungwa ndani. Rangi ile ni alama ya kirutubishi ambacho mwili hukigeuza kuwa vitamini A, inayolinda macho na kinga ya mtoto. Lakini vitamini A haiingii mwilini vizuri bila mafuta. Kiazi kimoja cha moto, kimepasuliwa katikati, kimepakwa kijiko kimoja cha chokoleti ya njugu: mafuta ya njugu yanakisaidia kiazi, utamu wa kiazi unakuruhusu kupunguza sukari kwenye kopo. Mara ya pili utakapotengeneza, jaribu vijiko vitatu vya sukari badala ya vinne. Wa nyumbani mwangu hawakutambua.

Jumapili moja nilikuwa soko la Kibuye, siku ambayo soko hilo hujaa kuliko zote. Nilisimama mbele ya mama mmoja mzee mwenye fungu la njugu nyekundu, nikamuuliza kama zimechaguliwa. Hakuapa wala hakujisifu. Alichukua ungo wake, akamimina gorogoro nzima, akausogeza hadi magotini pangu, kisha akanipisha nafasi kwenye kigoda.

"Nyathina," aliniambia, yaani mwanangu, "mimi nimechagua kwa macho yangu. Wewe unaenda kulisha watoto wako. Chagua kwa macho yako."

Nikaketi, nikachagua.